Pazia Lililofumwa Thika

Maitu Nyambura,

Barua huanza kwa kuuliza afya. Yako naijua. Asubuhi umemaliza chapati zote ukamwachia mama yako chai tupu, kwa hivyo tupite hapo. Sasa hivi uko Ngoliba kumuaga cucu wako, mama yangu mzazi, nami leo sikufungua kibanda changu cha kushonea turubai. Nimekaa kwenye kiti chako hapa Ruiru, naandika haraka kabla hujarudi na kabla hasira yangu haijapoa. Ikipoa nitaanza kukuambia ubebe sweta.

Mambo ya sweta, neti ya mbu na kutoogelea ukiwa umeshiba, cucu anakuambia saa hii, na wamama wa plot watayarudia kesho ukibeba mkoba. Mimi siyagusi. Nataka tuzungumze juu ya neno ulilonitupia juzi ukiosha vyombo, umenipa mgongo.

"Mum, labda nibaki. Nikienda, utabaki na nani?"

Halafu ukaendelea kusugua sufuria kana kwamba umeuliza bei ya nyanya. Nilitoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo, nikajifanya naangalia kama blanketi limekauka. Jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa jibu la kupasua sufuria, na sufuria ile bado naihitaji.

Neno lile halikutoka kwako. Lilitoka kwenye kile kikao cha Jumapili, na nitakirudia hapa hata kama ulikuwepo, kwa sababu ulikuwepo ukiwa umeinamisha kichwa. Uncle wako Gitau alikuja baada ya kanisa, akakalia kochi lote peke yake, akakoroga chai mpaka nikadhani atatoboa kikombe. Kaka yangu huyo akikoroga chai hivyo, ujue ametumwa na ukoo mzima, au amejituma mwenyewe kwa jina la ukoo mzima.

"Wanjiru, mimi sikatai mtoto afanye kazi," akasema. "Lakini kushona matanga? Si matanga ni ya mazishi?"

Shangazi zako wakacheka. Nikamwambia ni tanga la mashua, nguo ya kushika upepo.

"Haiya! Upepo wa wapi? Sisi watu wa Thika maji tunajua ni gani? Chania tunaenda kuona maji ikianguka, tunapiga picha, tunarudi home. Sasa unataka kumpeleka msichana Mbita, huko Lake Victoria, mahali hata lugha hatujui, akae na watu hatujui. Kwani hardware yangu hapa Ruiru iko na shida gani? Atakaa counter, jioni anarudi kwa mamake. Hiyo si ndio maisha?"

Nikamwuliza kama amekuuliza wewe. Hakukuuliza. Akasimama, akavaa kofia, akasema lile neno ambalo najua lilikuingia: "Sawa. Lakini akienda, asikuje kutulilia."

"Atanililia mimi," nikamjibu. "Ndiyo kazi yangu."

Sasa, Gitau anadhani tanga ni kitu kigeni kwetu, kitu cha watu wa ziwa na watu wa pwani. Nataka ujue si kweli, ili mtu akikuuliza kule msichana wa Kikuyu anatafuta nini kwenye mashua, umjibu bila kuangalia chini. Haya nilipewa na guka wako, baba yangu, vipande vipande, jioni za kiwandani zilipomwacha na nguvu za kuongea. Naye alipewa na fundi mkuu wao, Mhindi mzee ambaye babu zake walikuwa wakifuma nguo za matanga kwao. Mengine nimeyasoma kwenye simu nikisubiri wateja.

Turubai halikuzaliwa turubai. Lilizaliwa tanga. Na kabla halijafumwa kwa pamba, huko Ulaya lilifumwa kwa nyuzi za mmea ulio ndugu wa bangi. Usicheke, hata hilo jina kanvasi limetoka kwenye jina la mmea huo. Meli kubwa zote za zamani, za wafalme na za wamisionari walioleta Biblia, zilisukumwa na nyuzi za mmea huo au za kitani. Nilimwambia pasta wetu hivyo siku moja, akainua macho kwenye hema la kanisa nililomshonea. Nikamwambia atulie, letu ni la pamba.

Mfumaji wa zamani alikaa kwenye kitanda cha mfumi akirusha uzi kwa mkono huu na kuudaka kwa mkono ule. Upana wa nguo ulikuwa ule ule wa mikono yake. Hakuna mtu mwenye mikono ya kufuma tanga zima, kwa hivyo tanga lilikuwa vipande vyembamba vingi vilivyoungwa na fundi wa sindano, ameketi kwenye benchi, na ngozi ngumu imefungwa kiganjani ya kusukumia sindano. Guka wako alipenda sana hapo. Alisema watu husifu nahodha, husifu upepo, lakini meli ilivuka bahari kwa sababu mtu mmoja asiyejulikana alishona mshono mara mbili wakati angeweza kushona mara moja na kwenda nyumbani.

Tanga likizeeka halikutupwa. Lilikatwa likawa suruali za mabaharia na vitanda vyao vya kuning'inia. Wachoraji nao waliichorea nguo hiyo hiyo picha ambazo leo watu hulipa kwenda kuzitazama. Vipande vingine vilipakwa lami vikafunikia mizigo, na huyo ndiye babu wa turubai ninaloshona kila siku.

Halafu zikaja meli za moshi. Matanga yakaondoka baharini, na kila mwenye akili akasema nguo hii imekwisha. Haikuisha, maitu. Ilipanda nchi kavu. Ikawa mahema, ikawa vifuniko vya magari, ikawa mikoba ya shule na raba za kuchezea mpira. Pamba ilikuwa imeshachukua mahali pa ule mmea mwingine, na pamba hiyo kwa miaka mingi ilichumwa Amerika na watu weusi waliouzwa kama mbuzi. Hilo pia ulijue unapoishika. Nguo hii haikutoka mahali safi.

Hata kwetu haikuja kwa wema. Cucu wako aliiona mara ya kwanza akiwa mtoto, wakati wa Emergency, Wazungu walipokuwa wakiwasaka Mau Mau. Ilikuwa mahema ya kijani ya askari, yamepigwa juu ya kile kijiji walichofungiwa wote. Mpaka leo ukimwalika harusini haingii hemani kabla hajaona mlango wa kutokea uko wapi. Watu humcheka wakidhani ni uzee.

Na bado mume wake ndiye aliyekuja kuifuma. Guka alipopata kazi kwenye kiwanda cha nguo cha Thika akawekwa kwenye mashine za nguo nzito, alirudi nyumbani na kipande cha mfano mfukoni. Cucu akakitambua kwa kidole.

"Unaenda kuwafumia mahema?" akamwuliza.

"Nguo haina kosa," guka akasema. "Kosa ni la waliolala ndani."

Cucu hakumwongelesha wiki nzima. Lakini ni yeye aliyeniambia hadithi hiyo, na kila akiiambia hutabasamu mwisho. Kwa hivyo Gitau asituletee habari za kitu kigeni. Nguo hii tumelala chini yake tukiogopa, tumeifuma, tumeivaa miguuni, na mimi nimekusomesha nayo. Kilichobaki ni kuirudisha majini, na nani wa kuirudisha kama si wewe?

Sasa nije kwangu.

Nilipomaliza shule, guka alisema na wakubwa wake, nikakubaliwa kujifunza kwenye mashine za kufuma. Wasichana hawakuwa wengi huko. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Gitau akanikalisha chini, alikuwa bado kijana lakini tayari alikuwa na ile sauti. Akasema, "Mashine hizo zinatoa masikio. Utatoka huko na pamba kwa nywele, unapiga kelele kama kiziwi. Nani ataoa huyo?" Guka aliniangalia akasema niamue mwenyewe. Sikuamua. Niliogopa kukosa mume, nikakaa nyumbani nikingoja mtu aje kunitoa.

Mtu alikuja, akanitoa, akanirudisha. Baba yako alienda zake kabla hujaota meno, na sijui kama masikio yangu, yawe mazima au la, yangemzuia. Nilipokwenda kumwambia guka kwamba sasa niko tayari kujifunza, mlango wa kiwanda ulikuwa na kufuli. Nguo za mitumba zilikuwa zimejaa kila soko, na watu waliokuwa wakifuma walikuwa wamekaa nje ya geti wakicheza drafti. Simlaumu Gitau. Yeye aliongea tu, mimi ndiye niliyetii. Nilijichukia kwa muda, kisha nikaacha, maana ulikuwa na njaa.

Ndipo nikaenda kwa wale mafundi wa jua kali wa Thika wanaoshona vifuniko vya malori. Walinipa sindano ya gunia na turubai la lori la mchanga, wakakaa kando wakisubiri nilie. Nililia, lakini nilishona nikilia. Baada ya muda wakachoka kuniangalia wakarudi kwenye kazi zao.

Kosa langu kubwa la kazi hukulijua, kwa sababu ulikuwa mdogo na mimi sikupenda kulitaja. Leo naliandika.

Hema langu la kwanza la peke yangu lilikuwa la kanisa la cucu, kule Ngoliba. Nilikataa kutumia ile nailoni ya bei rahisi. Nilitaka pamba, kama ya guka. Nilishona kila mshono mara mbili, nikavuta kila uzi mpaka vidole vikapasuka, na likasimamishwa kwa harusi ya msichana wa kwaya. Unaijua Ngoliba na ukavu wake. Kanisa lilikuwa limeomba mvua tangu mwaka uliopita, na Mungu akachagua siku hiyo.

Lilivuja kwenye kila mshono, maitu. Maji yalishuka kwa mistari iliyonyooka vizuri kabisa, ukitaka kujua nilishona wapi ungefuata tu matone. Bibi harusi akalowa. Keki ikalowa. Gitau alikuwa na suti mpya ya kijivu, na mshono mmoja ukamchagua yeye. Akihama kiti, mwingine unamchagua. Mzee mmoja wa kanisa akasema kwa sauti, "Si tuliwaambia hii kazi ni ya wanaume." Watu wakaimba wakicheza kwenye matope, lakini mimi nilisimama kwenye nguzo natamani ardhi inimeze.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kosa lenyewe. Kuvuja hakukuwa kosa. Nililileta hema nyumbani, likakauka, nikanunua gundi ya viatu, nikapaka kila mshono ndani na nje. Juu yake nikasugua mshumaa. Nilitaka Jumapili iliyofuata watu waone limekuwa zima. Nilipolikunja, gundi ikawa ngumu ikapasuka, ikakata uzi pamoja nayo. Mvua ya pili ikaingia kwa matundu makubwa kuliko ya kwanza.

Guka alikuwa amestaafu, lakini alikuja kuliona. Akapitisha kidole kwenye mshono, akanusa.

"Ulililowesha?"

"Baba, nguo ya kuzuia mvua, niiloweshe ya nini?"

Alikaa chini. Nadhani aliona uchungu kuliko mimi. Akaniambia kwamba nguo ya pamba lazima inyeshewe kwanza. Mvua ya kwanza itapita, hakuna fundi wa kuizuia. Uzi unakunywa, unavimba, na lile tundu lililotobolewa na sindano linajiziba lenyewe. Unalilowesha, unalianika, unalilowesha tena, na baada ya hapo maji hayaingii. "Wewe umeliziba kabla halijanywa," akasema. "Sasa haliwezi kunywa tena." Tulikaa tukafumua mishono yote ile, yeye upande wake na mimi upande wangu, na nyingi ya nguo hiyo haikufaa tena isipokuwa kukata magunia.

Hayo mambo angenifundisha nikiwa msichana, kama ningekubali pamba iingie kwenye nywele.

Sitakuchorea maana yake. Wewe ni fundi, umeshaelewa. Nitasema hili tu: mwezi wa kwanza kule Mbita utavuja. Utasikia watu wakicheka kwa lugha usiyoijua na utadhani wanakucheka wewe, na pengine ni kweli. Utakula samaki mpaka uote mapezi, utatamani mukimo, utanipigia simu ukiwa na sauti ile ya pua. Nitapokea. Nitakusikiliza mpaka umalize. Lakini ukisema unarudi kwa sababu umenyeshewa, nitakata simu, nakuapia, na utajua uncle Gitau siye mkali wa ukoo huu.

Sasa tumzungumzie Mama Atieno, kwa sababu Gitau anasema unaenda kwa watu tusiowajua. Mimi nilimjua pale aliposhika mshono wako. Alikuja kibandani siku ile na vumbi la safari, mama mpana mwenye kicheko cha kufunga barabara, akitafuta turubai la pamba. Alisema kule kwao mashua nyingi siku hizi hushonewa matanga ya plastiki na magunia ya unga, yanapasuka haraka, na yeye anashona ya pamba kama mama yake alivyoshona, ila mikono inachoka na wasichana wake wote wamekwenda mjini kuuza simu. Ulikuwa kwenye kona ukimalizia kifuniko cha pikapu. Hakukusalimia. Alikuja akabana mshono wako kwa kucha, akauvuta, akaugeuza, akaubana tena upande wa pili.

"Nani amefundisha huyu?" akauliza.

"Mimi."

"Na wewe?"

"Baba yangu, nikiwa nimeshachelewa."

Akacheka kile kicheko. Kisha akaacha kucheka akasema, "Huyu nyar Thika, binti wenu wa Thika, nitamchukua. Huyu mkono wake unasikia nguo. Mnipatie yeye, nitamrudisha akiwa fundi wa matanga, na hakuna mtu atamgusa kwa nyumba yangu." Nimekaa na watu wa kwetu wenyewe, wa lugha yangu na kanisa langu, miaka mingi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuza kazi yako kuangalia upande wa pili. Siasa waachie wanaolipwa kuifanya. Mimi nilimwona mtu anayejua kazi akimtambua mtu anayejua kazi, na macho yangu hayakunidanganya.

Aliniuliza kama nina pamba, hata kipande. Nikamwambia sina.

Nilikuwa nayo, na unajua iko wapi. Imening'inia katikati ya chumba chetu tangu ulipokuwa darasa la tatu ukaanza kuona haya kuvaa mbele yangu. Pazia letu ndilo turubai la mwisho ambalo guka wako alifuma kule Thika. Alilinunua kwenye duka la kiwanda wiki waliyofunga, akalihifadhi Ngoliba ambako hakuna unyevu, halafu akaniletea akisema nishone nalo kitu cha maana. Sikuwa na kitu cha maana cha kushona. Nilikuwa na msichana mmoja na chumba kimoja. Nikapigilia misumari kwenye mbao za dari, nikakupa ukuta.

Upande wako ulikuwa nchi yako. Nilikusikia ukikariri hesabu huko. Nilikusikia ukicheka na simu, nikakusikia ukilia siku ile matokeo yalipokuja na chuo kikakosekana. Turubai huzuia upepo, maitu, halizuii sauti. Mara nyingi nilitaka kulifunua niingie, nikaweka mkono kwenye nguo nikauacha hapo. Sijui kama uliwahi kuuona ukituna upande wako.

Basi nirudi kwenye sufuria yako. Nikienda, utabaki na nani?

Nitabaki na Wanjiru. Ni mtu mzuri, namfahamu. Ana kibanda chake, ana mahema ya shule yanayomsubiri, ana cherehani ambayo hakuna mwanamume wa Thika anayeweza kuituliza ikianza kuruka. Ana mdomo. Atalala, ataamka, atachemsha chai. Jioni atatamani kukusikia ukilalamika, na atalia, naliandika wazi, atalia sana, kwa sababu anakupenda mpaka anachukia ile barabara itakayokubeba. Lakini hakukuomba ubaki. Usithubutu kunifanya sababu. Mimi nilibaki kwa ajili ya sauti ya mtu mwingine, na sitakubali wewe ubaki kwa ajili ya yangu, hata ninapokuwa sijasema neno. Miaka ijayo utakaa kwenye counter ya Gitau ukiuza misumari, utaniangalia nikipita na nywele nyeupe, na kila mvi utaihesabia kuwa deni langu. Sitaki. Afadhali ukae mbali ukinikumbuka kuliko ukae karibu ukinichukia taratibu.

Leo cucu atakuwa amekutemea mate kifuani, baraka ya kwetu ile ya zamani ambayo pasta hujifanya haioni. Nilimpigia simu jana, nikiogopa kwamba atakuwa upande wa Gitau. Nikamwambia unaenda kushona matanga. Akasema, "Hiyo nguo hatimaye itapata kazi ya kuwatoa watu mahali." Una jina lake, ndiyo sababu nakuita maitu, mama yangu. Kwa hivyo ni kama yeye mwenyewe anatoka katika kile kijiji.

Ulipopanda gari la Ngoliba leo asubuhi, nilipanda juu ya meza nikalishusha pazia. Nimelilowesha kwenye beseni, nikalianika, nikalilowesha tena, nikalianika tena, na jua limekuwa kali, Mungu ashukuriwe. Plot nzima imetoka kuangalia. Mama wa mlango wa pili akauliza, "Mama Nyambura, kwani unahama?" Nikamwambia, "Si mimi."

Sasa limekauka, nimelikunja, liko kwenye mkoba wako mahali ulipokuwa umeweka viatu. Viatu viwili vinakutosha. Mama Atieno ameniambia kwa simu kwamba halitoshi mashua kubwa, lakini linatosha ile ndogo anayofundishia watoto wa ziwa. Ulikate wewe, ulishone wewe. Pembeni kuna zile alama za makaa tulizokuwa tukipimia urefu wako kila Krismasi. Usizikatie nje. Nataka zionekane upepo ukilijaza.

Gitau atakuja kesho asubuhi kujaribu mara ya mwisho, namjua. Nitampa chai na sukari ya kutosha, akoroge mpaka gari lenu lifike Nakuru.

Na wewe ukifungua mlango jioni hii, utaona kitanda chako na changu vinaangaliana, chumba kimekuwa kikubwa ghafla, na utasimama hapo na pua imeanza. Nakujua. Utalitoa pazia kwenye mkoba, utapanda juu ya meza, utasema tulitundike tu mpaka mwezi ujao, mpaka nizoee. Usijisumbue kupanda. Nimeng'oa misumari yote.

Mama yako,
Wanjiru